KABLA YA KUNUNUA VIFARANGA, TAFUTA MNUNUZI: Mpango wa biashara kwa hesabu za kuku 100



Kila kijana mwenye ndoto ya kujiajiri ameshaambiwa "andaa mpango wa biashara". Tatizo ni kwamba wengi wakisikia hivyo wanafikiria kitabu kinene cha Kiingereza cha kupeleka benki. Wengine wanaona ni longolongo za wasomi, bora kuanza tu, mengine yatajulikana mbele ya safari. Huko mbele ndiko wanakoingia mkenge.

Leo tuutazame mpango kwa biashara ambayo Bongo kila mtu ana ndugu au jirani aliyeijaribu: kuku wa nyama, yaani broila. Ni biashara ya wiki tano hadi sita, kwa hiyo kosa la mipango linaonekana haraka sana. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano. Wewe weka za mtaani kwako, ila hesabu ifuate njia hiyo hiyo.

HESABU YA MTAANI

Hesabu ya vijiweni ni hivi: kifaranga sh. 2,000, kuku mkubwa sh. 10,000. Kwa hiyo kuku 100 ni faida ya sh. 800,000 kwa mwezi na nusu. Dili! Mtu anakopa, ananunua boksi la vifaranga, anarudi nyumbani anatabasamu.

HESABU YA DAFTARI

Broila mmoja mpaka auzwe anakula kama kilo 3 na nusu za chakula. Kuku 100 ni kilo 350, sawa na mifuko 7 ya kilo 50. Sasa andika:

- Vifaranga 100 kwa 2,000 = 200,000
- Chakula mifuko 7 kwa 80,000 = 560,000
- Chanjo, dawa na vitamini = 40,000
- Mkaa na umeme wa kuwapa joto = 40,000
- Maranda ya kutandika bandani = 10,000
- Usafiri = 30,000

Jumla sh. 880,000. Hapo banda unalo tayari, na wewe mwenyewe hujajilipa hata senti.

Wakifa 5 tu, unabaki na 95. Gawanya 880,000 kwa 95, kila kuku amekugharimu karibu sh. 9,300. Ukiuza wote kwa 10,000 unapata 950,000, faida ni 70,000. Mnunuzi akikubana mpaka 9,000 unapata 855,000, umekula hasara ya 25,000. Yaani shilingi 1,000 tu kwenye bei ndiyo inayotenganisha faida na hasara. Ile laki nane ya kijiweni haikuwepo tangu mwanzo.

PESA INAISHA LINI?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata wale waliopiga hesabu ya jumla. Broila hali sawasawa kila wiki. Zaidi ya nusu ya chakula chake chote anakula wiki mbili za mwisho.

Chukua kijana mwenye mtaji wa sh. 500,000. Vifaranga, chanjo, joto, maranda na usafiri vimemaliza 320,000. Zimebaki 180,000, anapata mifuko miwili ya chakula. Mifuko hiyo inaisha hata wiki ya tatu haijafika mwisho. Kuku wako hai, wana afya, na wanadai chakula kila siku. Mfukoni hakuna kitu. Kinachofuata ni kukopa kwa riba za mtaani au kuwauza wakiwa wadogo kwa bei ya kutupa. Biashara imekufa na kuku hawajafa!

Kijana huyo huyo angechukua vifaranga 50, gharama zote zingekaa ndani ya ile laki tano. Faida ingekuwa kiduchu sana, lakini angemaliza mzunguko, angejua wateja wake na mtaji ungebaki mkononi. Hiyo ndiyo kazi ya mpango: kukuonyesha pesa itakatika wiki ya ngapi, mapema, kabla hujanunua chochote.

KUKU ASIYE NA MNUNUZI

Kuku 95 waliokomaa wanakula karibu kilo 15 kwa siku. Kwa bei yetu ya mfano ni sh. 24,000 kila siku. Ukichelewa kuuza siku tatu, ile faida ya 70,000 imeliwa yote. Ndiyo, uzito unaongezeka, lakini mnunuzi wa mtaani ananunua kwa kichwa, hakuongezei bei kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo anza na mnunuzi. Zungukia wauza chipsi, mama ntilie, mabucha na wenye baa. Uliza wanachukua kuku wangapi kwa wiki, wa ukubwa gani, bei gani, na wanalipa taslimu au "njoo kesho". Kisha hesabu siku kurudi nyuma. Unataka kuuza Krismasi au Idi? Vifaranga waingie bandani wiki tano au sita kabla. Ila kumbuka na wenzako wanalenga siku hiyo hiyo.

DAFTARI LAKO LIWE NA HAYA

1. Nani atanunua, lini, na bei ya chini kabisa unayoweza kukubali.

2. Gharama zote, na kila moja inalipwa wiki ya ngapi.

3. Kalenda ya kazi. Kwa kawaida chanjo ya mdondo (kideri) ni siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na mdondo tena siku ya 21. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Nafasi ni kuku 10 kwa mita moja ya mraba.

4. Vifaranga wanatoka wapi. Mwaka 2017 serikali iliteketeza vifaranga 6,400 pale Namanga, walioingizwa kutoka Kenya kinyume cha katazo. Mzigo usio na karatasi unaweza kupotea wote kwa siku moja.

5. Likiharibika utafanyaje: wakifa 20, chakula kikipanda bei, mteja akikimbia. Weka akiba ya hilo.

6. Vibali: TIN ya TRA, jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri. Uliza pia serikali ya mtaa kama unaruhusiwa kufuga hapo ulipo.

Daftari hilo lina faida nyingine. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya vijana. Ukienda kuomba, wataulizia mradi wenu na hesabu zake. Mwenye daftari anajibu.

Si kuku tu. Duka la nguo, saluni, bodaboda, jikoni kwa chipsi, maswali ni yale yale: nani ananunua, pesa inatoka lini, inarudi lini. Wahenga wa biashara walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye bei za mkoani kwake atupie hapo chini, tupige hesabu pamoja. Naomba kuwasilisha.