Profesa Aliyetoka Maabara Kwenda Msituni



Katika miaka ya 1970, mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini kukusanya kupe waenezao ndigana kali. Huyo ndiye Wangari Maathai, binti aliyelelewa kielimu na watawa: Masista wa Consolata huko Nyeri, wa Loreto huko Limuru, na hatimaye Wabenediktini wa Kansas, Marekani, ambako alihitimu biolojia mwaka 1964.

Alifuata kupe, lakini akaona pia ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Alikumbuka mti wa mugumo ambao mama yake alimkataza kuuokotea kuni, na kijito kilichobubujika karibu nao. Aliporudi kutoka masomoni alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Mwanasayansi akatambua kwamba ardhi yenyewe ilikuwa mgonjwa, na kwamba dawa ya kupe pekee isingeiponya. Ndipo tarehe 5 Juni 1977, pamoja na wanawake wenzake, akaanza na miche saba.

Jaribu kubwa lilikuja katika Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,041 ndani ya jiji la Nairobi, uliohifadhiwa kisheria tangu 1932. Sehemu zake ziligawiwa kwa siri kwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai alifika langoni ili kupanda mti. Walinzi waliwashambulia yeye na wenzake, naye akapasuliwa kichwa. Katika kituo cha polisi aliitia saini taarifa yake kwa damu ya jeraha lake. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana. Agosti mwaka huohuo, Rais alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura ikasalimika.

Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji; hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Ndugu zangu, mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Elimu ilimfundisha mama huyu kuona ugonjwa wa ardhi. Dhamiri ikamtuma kuutibu, hata kwa gharama ya damu. Je, elimu tuliyopewa sisi inamlinda nani?

Tumsifu Yesu Kristo.