Kutoka Kambini hadi Kizingitini: Sare, Amri na Kiswahili katika Maisha ya Raia wa Uganda

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia namna mavazi, vifaa na fikra za kijeshi zilivyoingia hatua kwa hatua katika maisha ya raia wa Uganda tangu mwisho wa karne ya 19, na namna Kiswahili kilivyobebwa na mwendo huo. Hoja kuu ni kwamba kilichorithiwa na raia kutoka kambini si msamiati peke yake, bali pia namna ya kusema: hali ya amri, tena amri ya umoja inayoelekezwa kwa watu wengi. Makala yanaonyesha kuwa urithi huo ulitokana na maamuzi ya kihistoria, hasa uamuzi wa kukiondoa Kiswahili shuleni na kukiacha jeshini. Mwisho yanapendekeza mambo ya kuzingatiwa na walimu wakati huu ambapo Kiswahili kinarejeshwa madarasani.

1.0 Utangulizi
Kila mwaka ninapoanza kufundisha kozi ya awali ya Kiswahili, huwaomba wanafunzi waandike ubaoni maneno ya lugha hii wanayoyajua tayari. Ubao hujaa upesi. Kaa chini. Toka. Leta. Kuja hapa. Simama. Ngoja. Panda gari. Baada ya hapo huwaomba wanitajie neno moja la kumkaribisha mgeni. Wengi hunyamaza.

Nililelewa katika nyumba ambamo Kiswahili hakikuzungumzwa, ila kilisikika. Kilisikika katika vizuizi vya barabarani, na wazazi wetu walitufundisha tuinamishe macho kilipotamkwa. Kwa hiyo, kwa kizazi changu sauti ya lugha na sura ya sare vilifika pamoja, na hadi leo wapo wazee ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili hutazama kwanza miguuni pako, kana kwamba wanatafuta buti.

Jambo hili limeelezwa mara nyingi kwa sentensi moja, kwamba Waganda wanakichukia Kiswahili kwa sababu ni lugha ya askari na wezi. Sentensi hiyo inataja matokeo bila kueleza njia. Makala haya yanajaribu kuieleza njia yenyewe: uaskari uliingiaje katika maisha ya mtu asiyekuwa askari, na kwa nini uliingia ukiwa umeshikana mkono na lugha hii?

2.0 Kaki na afande: mwanzo wa safari
Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki kutoka katika jeshi la Emin Pasha na kuwaleta Uganda. Hao na vizazi vyao ndio msingi wa jamii ya Wanubi. Mwaka 1895 viliundwa vikosi vya Uganda Rifles, na mwaka 1902 vikosi vya Uingereza katika Afrika ya Mashariki viliunganishwa kuwa King's African Rifles, yaani KAR.

Askari hao walikuja na istilahi za jeshi la Misri ambazo nyingi zilikuwa na asili ya Kituruki. Shawishi na ombashi yalikuwa majina ya vyeo. Afande limetokana na efendi, jina la heshima aliloitwa mtu aliyesoma au mwenye hadhi mjini. Katika safari yake kutoka Istanbul kupitia Cairo hadi ziwani Nyanza, neno hili lilibadilika kutoka heshima ya elimu na kuwa heshima ya cheo. Kabla ya uhuru, KAR ilikuwa na daraja la maofisa Waafrika lililoitwa effendi. Idi Amin, aliyejiunga na jeshi hilo mwaka 1946, alilipata daraja hilo mwaka 1959. Leo neno hilo limeshuka hadi mtaani. Mlinzi wa benki ni afande, bawabu wa jengo la ofisi ni afande, na mkuu wa idara anayetaka kufunguliwa lango haraka humwita hivyo kijana anayemzidi umri kwa miaka 30.

Kitambaa nacho kilisafiri. Kaki ni neno lililotufikia kutoka India, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Rangi iliyochaguliwa ili askari asionekane vitani ikawa ya karani, ya tarishi na ya mwanafunzi. Vizazi vya watoto wa Afrika ya Mashariki vimeketi darasani vikiwa na kaptula za kaki, vikipanga mistari asubuhi na kukaguliwa kucha. Hakuna aliyeona kwamba amevaa vita, kwa kuwa mwendo wenyewe ulikuwa wa polepole mno.

3.0 Beni: sare kama mchezo
Itakuwa kosa kudhani kwamba raia walipokea uaskari kwa hofu tu. Ngoma ya beni inatufundisha vinginevyo. Utafiti wa Terence Ranger (1975) unaonyesha kuwa ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea bara, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, ikibebwa na askari na wapagazi. Wachezaji walivaa mavazi ya kuigiza sare, wakapiga tarumbeta, wakaandamana kwa gwaride, na vyama vyao, maarufu zaidi vikiwa Marini na Arinoti, vikawa na Kingi, majenerali na makanali wao.

Katika beni cheo cha kijeshi kilikuwa mali ya umma. Kuli wa bandarini aliweza kuwa kanali Jumapili. Wanachama walizikana na kusaidiana, na nyimbo zao zilishindana kwa mafumbo. Hapa Kiswahili cha gwaride kiliwekwa ndani ya kikapu kimoja na Kiswahili cha utani, cha mashairi na cha rambirambi. Raia wa pwani waliisikia amri ya kijeshi, lakini walikuwa na Kiswahili kingine kingi cha kuizungukia amri hiyo na hata kuicheka.

Uganda haikuwa na akiba hiyo. Hili ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito wa kutosha. Tofauti kati ya Mombasa na Kampala haikuwa kwamba huku kulikuwa na askari na kule hakukuwa nao. Askari walikuwapo kotekote. Tofauti ni nini kingine kilichosemwa kwa lugha ileile.

4.0 Shule ilifungwa, kambi ikaachwa wazi
Akiba hiyo ingeweza kujengwa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa II na viongozi wa Buganda walipinga, na makanisa yaliyokuwa yamewekeza katika Kiganda yalipinga pia. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi: waliogopa kumezwa na Kenya ya walowezi, na waliiona lugha yao ikiwa na maandishi na heshima tayari. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha za kufundishia shuleni.

Hata hivyo, hakikuondolewa jeshini wala polisi. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo mingi raia wa kawaida wa kusini mwa Uganda aliweza kumaliza shule bila kukutana na mwalimu wa Kiswahili, lakini hakuweza kumaliza maisha bila kukutana na askari anayekizungumza. Lugha iliyonyimwa darasa, kanisa na gazeti ilibakiwa na kambi, soko na kizuizi cha barabarani.

Kiswahili cha kambini kilikuwa na sura yake. Mungai Mutonya na Timothy Parsons (2004) wamekieleza chini ya jina la KiKAR: Kiswahili kilichorahisishwa ili ofisa wa Kiingereza na askari wa makabila mengi waelewane kazini. Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, na amri ilitawala. Haikuwa lugha ya kubembelezana, na haikuundwa kwa kazi hiyo.

5.0 Amri isiyo na wingi, 1971–1986
Tarehe 25 Januari 1971 kambi ilihamia ikulu. Wanajeshi wakawa magavana wa mikoa, na baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 wengine wakapewa maduka. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo, ambalo kwingineko lingekuwa ushindi wa lugha, hapa lilithibitisha tu kile ambacho sikio lilikuwa limeshajifunza.

Maneno yaliyosalia kutoka kipindi hicho na kile kilichofuata yanastahili kusomwa kama nyaraka. Matajiri wapya waliitwa mafuta mingi. Kiswahili sanifu kingesema mafuta mengi. Kivumishi kimeacha kufuata nomino yake, kama ilivyokuwa kawaida ya KiKAR. Baada ya vita vya 1978–1979, wakati askari wa Tanzania walipojulikana kama bakombozi, mfumo wa balozi wa nyumba kumi ulifika Uganda ukaitwa mayumba kumi, nyumba ikipewa wingi wa ma- kwa sikio la Kibantu cha huku. Sarufi inatuonyesha nani alisema na nani alisikia.

Mfano ulio mzito zaidi ni panda gari. Hilo ndilo jina ambalo wakazi wa Kampala waliupa msako wa miaka ya 1980, ambapo askari walizunguka mtaa, wakawakusanya watu na kuwapakia malorini. Wengine hawakurudi. Kisarufi, amri inayoelekezwa kwa watu wengi ni pandeni. Kiambishi -eni ndicho kinachokiri kwamba mbele ya msemaji wako watu zaidi ya mmoja, kila mmoja na masikio yake. Amri ya msako haikuwa nacho. Umati mzima, mama na mtoto, mwalimu na mwanafunzi wake, uliamrishwa kama mtu mmoja. Sidai kwamba askari aliyekuwa barabarani alikusudia maana hiyo. Alisema kama alivyofundishwa. Nasema tu kwamba waliosikia walijifunza lugha isiyo na pandeni, wala tafadhali pandeni, wala naomba mpande.

6.0 Uaskari wa kila siku
Baada ya 1986 vizuizi vilipungua katika sehemu kubwa ya nchi, lakini uaskari wa raia haukukoma, ulibadilisha njia. Mafunzo ya chakamchaka yaliwapeleka watumishi wa umma, walimu na vijana waliomaliza shule katika siasa zilizochanganywa na kwata na ujuzi wa bunduki. Wanasiasa wameendelea kukutana Kyankwanzi wakiwa wamevaa sare. Vitenzi na nomino za vita vikaingia katika mikutano isiyo na vita: operesheni ya usafi, mapambano dhidi ya umaskini, kamanda wa kampeni.

Mashambulizi ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, yaliongeza kasi. Sababu ya hofu ilikuwa ya kweli. Langoni pa duka, hotelini, kanisani na chuoni pakawekwa mlinzi, kifaa cha kukagulia na kioo cha kutazamia chini ya gari. Miaka imepita, na vifaa vingine havifanyi kazi tena, lakini sisi bado tunainua mikono. Mwili umezoea. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni kijana, na hajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu aliingia kanisani bila kupapaswa.

Dola, kwa upande wake, zimeendelea kulinda mpaka wa mavazi. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilichapisha katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu, iliyokuwa alama ya wafuasi wa People Power, ni vazi la jeshi. Nchini Tanzania, Agosti 2023, JWTZ iliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Hatua hizi zina mantiki ya kiusalama, kwa kuwa mhalifu huweza kujificha ndani ya sare. Lakini zinalinda kitambaa tu. Hakuna gazeti la serikali linaloweza kumtaka raia arudishe afande, operesheni, au mazoea ya kuinua mikono.

7.0 Hitimisho
Makala haya yameonyesha kuwa uaskari uliingia katika maisha ya raia kwa tabaka: kwanza kitambaa, kisha cheo, kisha amri, na mwisho mkao wa mwili. Kiswahili hakikuwa chanzo chake. Kilikuwa lugha iliyopatikana karibu, baada ya milango mingine kufungwa.

Hili lina maana kwa kazi iliyo mbele yetu. Katiba ya Uganda ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tuwe waangalifu na neno lazima. Lugha ambayo watu waliipokea kwa amri haitaponywa kwa amri nyingine.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vya darasa la kwanza vianze na salamu, maombi na shukrani, na hali ya amri ifundishwe baadaye, ikiwa na -eni yake. Pili, historia niliyoisimulia ifundishwe waziwazi vyuoni, badala ya kumwacha mwalimu mpya ashangae kwa nini wazazi wanakunja nyuso. Tatu, fasihi, utani na nyimbo za pwani na za bara zipewe nafasi mapema, ili mwanafunzi wa Uganda apate ile akiba ambayo wachezaji wa beni walikuwa nayo.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alimpelekea bibi yake zoezi la kwanza, barua fupi inayoanza kwa shikamoo. Bibi alimwomba aisome mara mbili. Kisha akauliza kama kweli hicho ni Kiswahili.