Jaruba likipumua, gesi hupungua

Mchele wa pishori ninaoununua hapa Nairobi, iwe katikati ya jiji au Kangemi, mwingi hutoka Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Jaruba likifurika muda wote, udongo hukosa hewa. Vijidudu visivyohitaji hewa huozesha mabua na mizizi, vikatoa methani, gesi inayopasha dunia joto.

Dawa ni kuliacha jaruba lipumue. Mkulima hufukia bomba lenye matundu. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, ndipo hufungulia tena. Mpunga ukitoa maua, maji hayakatwi. Mabua hugeuzwa mboji badala ya kulimiwa majini yakiwa mabichi. Methani yaweza kupungua karibu nusu. Mwea walianza kilimo shadidi, kinachotumia njia hii, mwaka 2009, wakiongozwa na Profesa Bancy Mati wa JKUAT.

Lakini magugu huzidi, na palizi ni kazi na pesa. Tena, asiye na hakika ya zamu yake ya maji hathubutu kukausha. Basi kabla ya kuwahimiza ndugu zetu wa Tana Delta, tuwadai kwanza wasimamizi wa mifereji: maji yafike kwa ratiba.