Njia ya Holili

Wazee wetu wa Handeni na Korogwe, walipokwenda Kenya kuwatazama jamaa, walifuata barabara ipitayo chini ya milima ya Usambara na Upare hadi Himo, wakavuka mpaka wa Holili kuingia Taveta, Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 ukiwa kushotoni mwao.

Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886: Kilimanjaro ukawa upande wa Wajerumani, Taveta ikabaki kwa Waingereza. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga. Ukafunguliwa Novemba 1983. Katika miaka hiyo sita na ushei, sisi tuliokuwa vijana tulishuhudia mabibi arusi wakikosa mameru, zawadi za mjomba, na wafiwa wakipata habari baada ya majivu kutiwa mtoni.

Leo maofisa wa nchi zote mbili wanahudumu pamoja, na msafiri huvuka upesi. Katika maadhimisho haya ya mandir yetu, tuwasimulie watoto, ili wanapovuka Holili wakumbuke walionyimwa njia hiyo, wala wasiache kuwatembelea jamaa.