Kengele Iliyohukumiwa

Mwishoni mwa Aprili 1540, Kaisari Charles V alitoa hukumu dhidi ya Ghent, mji ambao yeye mwenyewe alizaliwa miaka 40 kabla. Haki ambazo mji ulikuwa umejipatia kwa karne kadhaa zilifutwa. Silaha zilichukuliwa, vyama vya mafundi vikapunguzwa nguvu, na abasia ya Mtakatifu Bavo ikabomolewa ili pajengwe ngome ya kuwachunga wakazi. Kati ya walioadhibiwa alikuwemo mmoja asiye na mdomo wa kujitetea, ingawa kosa lake lilikuwa sauti yake. Roeland, kengele kubwa ya mji, ilihukumiwa kushushwa kutoka mnarani.

Ni hukumu hiyo iliyonifanya nikate tiketi ya kupanda mnara wa Ghent, nchini Ubelgiji. Nilitaka kuelewa kwa nini mtawala wa nusu ya Ulaya aliiogopa kengele.

Jibu linaanza na mahali mnara uliposimama. Katikati ya Ghent kuna minara mitatu kwa mstari mmoja. Wa kwanza ni wa kanisa la Mtakatifu Nikolasi, na wa tatu ni wa kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Huu wa katikati, wenye urefu wa mita 91, mgeni hudhani nao ni wa kanisa, lakini ndani hakuna altare. Ulijengwa na mji wenyewe, kwa utajiri uliotokana na vitambaa vya sufu. Kazi ilianza mwaka 1313 na kukamilika mwaka 1380. Haukuwa wa askofu wala wa mfalme.

Chini kabisa kuna chumba chenye kuta nene. Humo ndimo zilimotunzwa hati za haki za mji, ndani ya sanduku, nyuma ya milango na makufuli. Hati hizo zilieleza mji unaweza kufanya nini bila kumwomba mtu ruhusa. Juu yake, ghorofa kwa ghorofa, kulikuwa na walinzi, na juu ya walinzi kengele. Chini palihifadhiwa maandishi ya haki, na juu ikakaa sauti ya kuwaita watu wazitetee.

Ngazi za mwanzo ni za mawe, nyembamba, za kukufanya ujute chakula cha mchana. Baadaye kuna lifti. Njiani utakutana na joka la zamani la shaba lililowekwa kileleni mwaka 1377. Lililopo juu leo ni la kisasa, limepakwa dhahabu, bado linautazama mji.

Kwa watu wa karne ya 14, kengele ilikuwa saa, king'ora na tangazo. Katika miji ya vitambaa, ililia kuwaambia wafumaji waanze kazi na waache kazi. Ililia malango yalipofungwa, nyumba zilipoungua, adui alipokaribia. Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mtu wa Ghent angetuelewa bila mkalimani. Roeland ikilia, unaacha kitambaa mtamboni na kukimbilia uwanjani. Anayeishika kamba ya kengele anaweza kuujaza uwanja watu kabla serikali haijajua kinachoendelea.

Hilo ndilo lililomsumbua Kaisari. Mwaka 1537 dada yake Maria, aliyeitawala nchi kwa niaba yake, aliitaka Flanders ichangie gulden 400,000 kwa vita dhidi ya Ufaransa. Ghent ilisema iko tayari kutoa askari, si fedha. Mvutano ukakua, na kufikia mwaka 1539 mafundi walikuwa wameushika mji. Charles akaja mwenyewe na jeshi. Tarehe 3 Mei 1540, viongozi na wawakilishi wa mafundi walitembezwa barabarani kwenda kumpigia magoti, baadhi yao peku, wakiwa na shati tu na kitanzi shingoni.

Nilipanda na rafiki yangu wa Bukavu anayesoma Ghent. Nilipomsimulia habari ya kengele, alicheka kidogo.

"Ndugu yangu, kumbe na hawa walikatiwa mtandao."

Hakuwa anatania. Kongo ilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Anakumbuka watu wa Bukavu wakishuka hadi karibu na mto Ruzizi na simu mikononi, wakitafuta mtandao wa Rwanda ng'ambo ya pili, ili tu wajue nchini mwao kunaendelea nini. Tangu hapo sikuweza tena kuiona hukumu ya mwaka 1540 kama kituko cha zamani.

Hata hivyo, si hasira ya Charles iliyoimaliza Roeland. Mwaka 1659 mji wenyewe uliamua iyeyushwe, na fundi Pieter Hemony akaitumia shaba yake kusubu karilioni, yaani kengele nyingi ndogo za kupiga muziki. Ni muziki mtamu, lakini haumtoi mtu kazini. Kengele kubwa kuliko zote aliyoisubu Hemony, yenye zaidi ya tani 6, ilipasuka mwaka 1914. Sasa imewekwa chini, karibu na mnara, na ufa wake unaonekana.

Kitanzi nacho kiligeuzwa maana. Watu wa Ghent bado wanaitwa "wavaa vitanzi", na katika sherehe za Julai wapo wanaoandamana na kamba shingoni kwa fahari, wakiikumbuka siku babu zao walipodhalilishwa.

Kutoka mnarani tulitembea hadi bustani moja ya mji ambako zamani palikuwa na sanamu ya Leopold II, mfalme aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi. Mji uliishusha tarehe 30 Juni 2020, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru. Ghent iliyowahi kuamriwa kushusha kengele yake safari hii ilichagua yenyewe cha kushusha.

Wakati huo rafiki yangu bado alikuwa Bukavu. Video ilimfikia kwenye simu asubuhi hiyo hiyo, naye akawatumia ndugu na marafiki. Siku hiyo mtandao ulikuwa wazi.