Amri ya 1897 na Kasumba Iliyobaki

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi amri iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Kisheria, mtwana na bwana wakaanza kuwa sawa. Mbona basi hata leo neno "mtumwa" ni tusi linaloweza kuvunja posa?

Wapo ndugu wanaojibu upesi kwamba wananchi hawajaelimika. Jibu hilo ni jepesi mno. Tuichunguze amri yenyewe. Haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Ilimtaka aende mahakamani kuuomba uhuru, na akishaupata aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana, si mtumwa! Masuria waliachwa nje hadi 1909. Mashamba ya mikarafuu yalibaki mikononi mwa makabaila wale wale, na aliyekuwa mtumwa akaendelea kuishi humo kwa hisani ya mwenye shamba, akipalilia na kuchuma. Uhusiano ulibadilishwa jina tu. Njia kuu za uchumi hazikuguswa.

Mpaka hapo nadharia yetu inatosha. Lakini Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliukata mzizi huo: ardhi ilitaifishwa, na familia za wakulima zikagawiwa eka tatu tatu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo inakataza ubaguzi. Kabaila ameondoka, kasumba yake ipo. Ni kwa sababu uungwana ulikuwa na hifadhi nyingine nje ya shamba, nayo ni nyumba. Huko ndiko linakoulizwa suala la kufu, "Huyu wa ukoo gani?" Na wanaouliza si wajukuu wa mabwana peke yao. Katika miongo iliyofuata 1897 wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili, baadaye Wahadimu au Washirazi, ili waikimbie dharau. Hatuwezi kuwalaumu. Ila aliyeikimbia hakuivunja ngazi. Alipanda kidato kimoja, akamwacha mwenzake chini.

Katika semina moja niliyoiendesha, kada mmoja alieleza somo la usawa vizuri kuliko wote. Jioni, tukinywa chai, nilimwuliza kama angemwoza binti yake kwa kijana anayesemwa kuwa wa asili hiyo. Alicheka, akasema mambo hayo huamuliwa na wazee wa nyumbani.