Kisiwa Kilichoning'inia kwenye Waya Mmoja

Wanafunzi wangu wakiniuliza wanunue jenereta au betri, huwajibu kwa historia. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mei 2008 hitilafu ilikizima kisiwa kwa takriban mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarejea, likadumu hadi Machi 2010. Mabomba nayo yalikauka, kwani pampu zilitegemea umeme huohuo.

Wenye nacho walinunua jenereta. Wengine walirudia vibatari na visima. Nami nilinunua jenereta ndogo kuinusuru kompyuta yenye mihadhara yangu. Umeme wake ukapanda na kushuka hadi ukaiunguza. Ndipo nilipotambua kwamba vifaa hivi havitaki umeme tu, bali umeme uliotulia. Kwa hiyo jumlisheni kwanza wati za vifaa vyenu na saa mnazohitaji, kisha mchague betri na inveta inayokidhi.

Lakini akiba ya nyumbani haitoshi. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013, baada ya miaka 33. Dola inapochelewa kuweka akiba, kila raia hujinunulia mwanga wake, na maskini hubaki gizani.